Bili

Sisi tisa, viti vinane.
Ami Ghassan akavuta cha meza ya jirani
kisha ndipo akaomba; kwake yeye
ombi hufuata nyuma kama mkia.
Nje, Monreali imefunikwa theluji mpaka shingoni,
magari yamelala kandokando
kama magunia ya unga.

Bibi tunamwita Teta, ndivyo waitavyo kwao Zahle,
na kuteta ndiko kunakomweka hai.
Kaiteta baridi, kamteta dereva wa teksi,
kaiteta tabule hata haijatoka jikoni:
"Burguli itakuwa nyingi. Hawa kotmiri wanaiogopa."
Ikaja.
Akaonja kwa ncha ya uma.
"Si nilisema?"
Akaimaliza sahani.

Vyakula vikaendelea kuja, kitambaa cha meza kikapotea:
bilingani lililopondwa, lenye harufu ya moshi,
kibe mbichi iliyochorwa mistari kwa kijiko,
nanaa ya kutafuna tu, figili, zeituni,
mkate uliovimba kama shavu la mpiga tarumbeta,
na Rémi, miaka mitano, akautoboa tundu mbili
akatutazama kutoka ndani yake.
Shangazi Munira akamgombeza akicheka.
Araki ikatiwa maji, ikageuka nyeupe.
Hapo hapo mtu akakumbuka mtu aliyekufa,
tukanyamaza, halafu kuku akaletwa.

Mara tatu Teta aliniinamia sikioni:
"We binti, mtoto wa nani?"
"Wa Iskandar, Teta."
Na Iskandar yuko pale, mkabala naye,
anachana mkate vipande vidogo, vidogo zaidi,
wala hali.

Sasa bili. Kwetu bili ni vita,
na vita vina majasusi.
Ami alikwenda msalani mara mbili, mikono ikarudi mikavu.
Shangazi kadi anayo kiganjani tangu supu ya dengu.
Baba akainuka, akakohoa, akavaa sura ya mkubwa wa nyumba.
Wadih, mhudumu, akasimama na sinia kifuani kama ngao:
"Imekwisha lipwa."

"Mwizi wewe!" Baba akamwambia Ami.
"Mimi? Huyo hapo, mkimya, mkimya!"
"Wallahi si mimi," Shangazi akalia, karibu ya machozi,
maana kushindwa na usiyemjua
kunauma kuliko kushindwa.
Teta akafuta midomo
akiitazama theluji.

Nilipokwenda kuchukua makoti
Wadih akafungua droo.
Noti sita za lira, za mwaka walioondoka,
laini kama leso, zimekunjwa mara nne,
zinanuka kabati.
"Alinipa alipokwenda kunawa.
Akasema chenji nibaki nayo."
Leo noti hizo hazinunui
hata kokwa ya zeituni.
Nikatoa kadi yangu. Mashine ikafikiri,
ikafikiri. Sote wawili tukaitazama
kana kwamba ndiyo itakayosema kitu.
"Nikurudishie?"
Sikujua. Nikasema, "Zikae."
"Mama yangu naye anazo," akasema,
akaifunga droo kwa goti, polepole.

Mlangoni walikuwa bado wanashtakiana,
kofia zimevaliwa, glavu zimebadilishana wenyewe.
Nikamshika Teta mkono; barafu inateleza,
naye ni mwepesi, kama koti lisilo na mtu.
Hatua nne. Akasimama.
"We binti, mtoto wa nani?"
"Wa Iskandar."
Akaniegemea, akashusha sauti
Ami asije akasikia:
"Basi mwambie baba yako,
mara ijayo ni zamu yake."